Nani wa Kumwambia Mkubwa Akae?

Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto hujifunza lugha kwa mwili kabla ya ulimi. Mwalimu anasema "Stand up", watoto wanasimama. Anasema "Sit down", wanakaa. Anasema "Touch your nose", kila mtu anashika pua yake. Hakuna tafsiri, hakuna kukariri. Kisha, mkufunzi wetu alisema, wakishazoea, mnabadilishana nafasi: mtoto anakuwa mwalimu, anatoa amri, na mwalimu anatii. Hapo ndipo mtoto anagundua kwamba maneno yale ni yake. Niliipenda sana sehemu hiyo ya pili. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipopangiwa shule ya msingi moja upande wa Segese, niliibeba pamoja na godoro langu.

Mimi ni mtu wa maswali. Mama yangu, aliyekuwa muuguzi hospitali ya Kolandoto, alipenda kusema kwamba watoto wengine huzaliwa wakilia, mimi nilizaliwa nikiuliza kuna nini. Nilikulia hapohapo Kolandoto, Usukumani, lakini wazazi wangu walitoka makabila mawili ya mbali, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili, na Kisukuma changu kilikuwa cha kuombea maji. Nilijua kusalimia, kununua nyanya, na kusema asante. Zaidi ya hapo nilitegemea kuangalia nyuso za watu.

Kiingereza kilianza darasa la tatu, na darasa la tatu nililopewa halikuwa la watoto wa rika moja. Mtoto wa miaka tisa alikaa bega kwa bega na kijana ambaye sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza, kwa sababu kule mtoto wa kiume alianza shule siku mdogo wake alipopata nguvu za kumpokea fimbo ya kuchungia. Madawati hayakutosha, wengine walikaa juu ya matofali. Kitabu kilikuwa kimoja, changu. Basi nikatumia vilivyokuwepo: jiwe, gunzi, kibuyu, kijiko, ufunguo wa chumba changu. Nilivitia kwenye mfuko wa rambo, mtoto akaingiza mkono bila kuchungulia, akapapasa, na kabla ya kukitoa alitakiwa aseme, "It is a stone," au chochote alichodhani amekishika. Waliupenda mchezo ule hata wakawa wanagombania mfuko.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ng'ombe. Nilimchora ubaoni nikasema, "This is a cow." Mmoja akanyoosha kidole.

"Mwalimu, huyo ni ng'ombe gani?"

"Ng'ombe tu."

Wakaangaliana. Ng'ombe tu ndiye yupi? Ana rangi gani, pembe zimeelekea wapi, ameshazaa au bado? Kwao kila ng'ombe ana jina la rangi yake na mabaka yake, na kumwita ng'ombe tu ni kama kuulizwa nani amekuja ukajibu, mtu. Nikashika chaki nikamtia mabaka kadiri walivyonielekeza, nikamrefusha pembe moja, nikamwongezea kiwele. Kipindi kizima kiliishia hapo. Lakini walitoka wanasema "black and white cow" njia nzima, na mimi nikawa nimejifunza kwamba watoto wale hawakubali neno mpaka waone linamkaa nani.

Baada ya miezi michache, siku ya kubadilishana nafasi ikafika. Nilivaa gauni langu zuri, kama vile kuna sherehe. Nikaweka kiti mbele ya darasa, nikakaa, nikamwita kijana mmoja hodari nikampa kifutio ashike kama alama ya uwalimu. Nikamweleza: leo wewe ndiye mwalimu, mimi mwanafunzi, niamuru chochote.

Akaangalia dari. Akaangalia kifutio.

"Niambie nisimame," nikamsaidia.

Akanirudishia kifutio kwa mikono miwili. Nikamrudisha nikamwita mwingine, naye vilevile. Nikamwita msichana mmoja mwenye kelele kuliko wote. Alikuja mbele, akapiga goti kama wanavyopiga goti wasichana wa kule mbele ya mkubwa, akafumbua mdomo, na machozi yakatangulia maneno. Niliinuka mbio kumbembeleza, darasa zima likaguna kwa aibu, na nadhani aibu ile ilikuwa kwa ajili yangu mimi niliyemliza mtoto wa watu.

Mwalimu Mkuu, mzee mpole aliyekuwa karibu kustaafu, aliniambia ni woga wa lugha, nisubiri. Lakini mimi sikuamini. Wiki nzima nilijiuliza kama hawajui au hawataki. Jibu nililipata kwa mbuzi.

Mwalimu Mkuu alikuwa na beberu aliyefungwa kwa kamba kando ya uwanja. Asubuhi moja nikalitoa darasa lote nje, nikawapanga mbele ya beberu yule, nikasema: mwamuruni huyu. Ungewasikia! "Stand up! Sit down! Come here! Touch your nose!" Beberu alikodoa macho, akaendelea kutafuna. Yule kijana wa kifutio alimfokea kwa sentensi ndefu kuliko niliyowahi kumfundisha. Hakukuwa na kosa hata moja.

Na sauti iliyozidi zote ilitoka nyuma, kwa binti mmoja aliyekuwa kimya tangu nifike. Nitamwita Binti tu. Alikuwa amewazidi wengi umri na kimo, alikaa kwenye tofali karibu na dirisha, aliandika vizuri sana, na sikuwahi kusikia neno likitoka kinywani mwake. Nikimuuliza, aliinamisha kichwa mpaka niione njia ya nywele zake. Siku ile alimwamuru beberu wa Mwalimu Mkuu kwa sauti ya mtu aliyezoea kurudisha kundi la ng'ombe lililoingia shambani mwa jirani. "Sit down!" Naapa beberu alisita kutafuna. Watoto wakacheka, na Binti naye akaziba mdomo kwa kiganja.

Basi nikajua Kiingereza kipo, kimejaa tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuambiwa.

Nikaanza kuchunguza. Niliwaacha waamuriane wao kwa wao, mimi nikikaa pembeni na kutazama nani anaweza kumwambia nani akae. Nilishangaa. Mdogo hakuweza kumwamuru mkubwa, hilo nililitegemea. Lakini kulikuwa na msichana mrefu aliyekataa katakata kumwamuru mtoto mdogo kuliko wote darasani. Nilipouliza, wenzake wakanijibu kwa huruma, kama watu wanaomweleza mgeni njia ya kwenda kisimani: "Mwalimu, yule ni mjomba wake." Mjomba mwenyewe alikuwa na kamasi puani, lakini alikaa wima akiipokea heshima yake. Na kulikuwa na wawili walioamuriana siku nzima kwa vicheko na matusi madogomadogo, nikadhani ni marafiki tu. Kumbe mmoja alikuwa bibi wa mwenzake, kwa hesabu za ukoo, na kati ya bibi na mjukuu hakuna kinachokatazwa. Nililifurahia jambo hilo kwa vile lilichekesha, nikaliacha hapo.

Katikati ya muhula wa pili baba yake Binti alikuja shuleni. Aliegemeza baiskeli yake ukutani, akavua kofia. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye adabu nyingi. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba kusema na mimi mbele ya Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu, mimi sisomi," alisema. "Ukinionyesha karatasi yake, utakuwa umenionyesha karatasi. Nataka kusikia."

Alitueleza kilichomleta. Alikuwa amepeleka ngozi Shinyanga mjini, kwa Mhindi mmoja mwenye duka, na pale dukani kulikuwa na mtoto wa kike wa yule mwenye duka, mdogo kuliko Binti. Akaja mgeni, mtoto akamkaribisha, akaongea naye Kiingereza, baba yake amesimama pembeni anasikiliza huku anatabasamu. "Nikasema moyoni, kumbe ndicho wanachofundishwa. Wangu huu mwaka wa tatu yuko shule, sijamsikia hata neno moja. Shangazi yake yuko Geita, pale Kalangalala, anapikia wachimbaji. Anaomba mtu wa kumsaidia kuosha vyombo na kuchota maji. Lori la mzigo linaondoka Jumatatu. Kama huyu mtoto amejifunza, nisikie, nikisikia anabaki. Nisiposikia, mikono yake ina kazi Geita."

Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani kazi imekwisha. Nikamwita Binti, nikachukua jiwe langu mezani, nikauliza kwa upole, "What is this?"

Binti akapiga goti sakafuni mbele ya baba yake na kuinamisha kichwa. Nikauliza tena. Nikabadilisha jiwe kwa kijiko, kijiko kwa ufunguo. Nikamwambia kwa Kiswahili, baba anataka tu kukusikia, sema chochote. Vidole vyake vilichora kitu kwenye vumbi la sakafu, nikainama kuangalia. Alikuwa ameandika "stone". Nikamwonyesha baba yake. Akayatazama yale maandishi kwa heshima, kama mtu anavyotazama nyayo za mnyama asiyemjua.

"Umeona, mwalimu," alisema bila hasira. Akavaa kofia yake akaenda.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia Binti, nikakasirikia magoti yote yanayopigwa chini ya jua. Heshima si utumwa, watu husema, na mimi mwenyewe nimelelewa kwa msemo huo. Siku ile niliuona kama uongo mtupu. Mtoto alikuwa na maneno yote kichwani, na kitu pekee kilichomzuia kuyasema ni kwamba aliyetaka kuyasikia ndiye asiyeweza kuambiwa. Angekuwa jeuri kidogo tu angebaki shule.

Jumamosi nikafunga safari kwenda kwao, nikijua baba ameenda mnadani. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kumwona Binti, na pengine kumwomba ajaribu mara moja zaidi. Kaya yao ilizungushiwa uzio wa minyaa, mirefu na iliyoshonana, hata mtu aliye nje haonekani. Nilikuwa bado natafuta mlango niliposikia Kiingereza changu kikitoka ndani.

"Mke mwenzangu! Stand up!"

Nikasimama palepale. Sauti ilikuwa ile iliyomwamuru beberu.

"Sisimami," ikajibu sauti ya kizee, kwa Kisukuma chepesi ambacho hata mimi nilikielewa. "Miguu yangu imesimama tangu baba yako hajazaliwa. Imechoka."

"Stand up, mke mwenza mvivu wewe!"

Nikachungulia. Bibi mmoja mwembamba alikuwa amejilaza chali juu ya ngozi ya ng'ombe, mikono kifuani, akijifanya amekufa. Binti amesimama juu yake, kijiti mkononi. Pembeni kulikuwa na jiwe, gunzi, kibuyu na mwiko, vimepangwa kama ninavyovipanga mimi mezani. Nilipoendelea kutazama nikaona darasa langu lote limehamia pale: mfuko wa kupapasa, "touch your head", hata kile kikohozi changu ninachokohoa kabla ya kuanza kipindi. Bibi alijua kila amri. Akiambiwa shika kichwa, alishika goti kwa makusudi, Binti akacheka mpaka akakaa chini. Miezi yote nilidhani mtoto yule hakupata chochote kwangu, kumbe kila jioni alikuwa na shule yake ya mwanafunzi mmoja.

Nikapiga hodi. Binti alipoona ni mimi alidondosha kijiti, akapiga goti, na ulimi ukarudi mahali pake pa siku zote.

"Kalibu, mwalimu," bibi alisema huku akijiinua na kujikung'uta. Hakuwa na aibu hata kidogo. Alikuwa mama yake baba. Akaniletea michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa na maziwa ya mgando, na tukazungumza yeye kwa Kiswahili chake cha sokoni na mimi kwa Kisukuma changu cha maji, tukakutana katikati.

Nikamuuliza inakuwaje mtoto huyu anamfokea yeye, mkubwa kuliko wote kwenye kaya, na hawezi kuniambia mimi hata jina la jiwe.

Bibi alinishangaa. "Wewe ni mwalimu wake. Mimi ni mke mwenzake. Babu yake alikuwa mume wetu wote wawili. Mtu hamwogopi mke mwenzake, anagombana naye."

Nikawakumbuka wale wawili wa darasani walioamuriana siku nzima, nikajiona mjinga kwa mara ya pili wiki ile. Nikamweleza habari yote: karatasi, Shinyanga, lori la Jumatatu. Kuhusu Geita alikuwa amesikia. Kuhusu lile sharti la kusikia hakuwa ameambiwa. Alitafuna michembe taratibu, kwa meno machache aliyobaki nayo.

"Mwanangu anataka kusikia?"

"Anataka kusikia, bibi. Lakini mtoto hawezi kusema mbele yake."

"Mbele yake hawezi," alikubali. "Njoo kesho, ng'ombe wakisharudi."

Nikamuuliza atafanya nini. Akanijibu kwamba nina maswali mengi kwa mtu aliyekuja kula michembe ya watu. Nilirudi nyumbani nikiwa na hamu ya kujua kuliko hofu, na hofu yenyewe haikuwa ndogo.

Kesho yake baba alikuwepo. Alinipokea vizuri, akanipa kiti pekee chenye mgongo, yeye akakaa kwenye kigoda. Bibi akatoka nyumbani kwake na fimbo yake, akakiweka kigoda chake mwenyewe mahali alipopachagua kwa uangalifu. Nilielewa baadaye tu. Alikaa uso kwa uso na mwanawe, mbali kidogo, kisha akamwita Binti aje apige goti mbele yake. Kwa hiyo Binti alimtazama bibi yake, na baba alibaki nyuma ya mgongo wake, asikoonekana.

Tukaongea habari za mvua na za malisho.

"Mke mwenza," bibi akasema ghafla, "leo umeota ububu? Au umeona mimi ni mzee, mume wetu amekufa, ndiyo maana huna neno na mimi?"

Binti akainua macho. Bibi akamfanyia uso wa ajabu, ametumbua macho na kuvuta midomo ndani. Mabega ya Binti yakatikisika.

"Stand up," akasema, chini kabisa.

Bibi akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Eeh? Wake wenza wa siku hizi hawana sauti."

"Stand up!"

Ile sauti ilijaza ua wote. Baba alishtuka nikamwona. Bibi akashika fimbo, akajiinua polepole, akasimama wima mbele ya mwanawe.

Na hapo nikaona kile alichokipanga. Mtoto wa kiume wa kule haketi mama yake akiwa amesimama mbele yake. Baba alimtazama mama yake, akajitazama alivyokaa, akainuka. Nami nikainuka, maana sikutaka kuwa mtu pekee aliyekaa katika kaya ya watu.

"Sit down!"

Bibi akakaa. Baba akakaa. Nikakaa.

"Stand up!"

Tukasimama wote watatu. Binti hakugeuka. Sidhani kama alijua kinachoendelea nyuma yake, maana angejua asingethubutu. Alikuwa ameshamezwa na mchezo. Akamwamuru bibi aende mlangoni, bibi akaenda akivuta miguu makusudi. Akamwamuru arudi, akarudi. Akamuuliza hiki ni nini, na bila kumngoja Binti akajijibu mwenyewe, "It is a stick." Akataja kibuyu, jiwe, moto, maziwa, na ng'ombe watatu waliokuwa karibu na mlango wa zizi, kila mmoja kwa rangi yake. Muda wote huo baba alikuwa amesimama, mikono nyuma. Nilimtazama usoni ili nijue kama amekasirika, sikuweza kujua.

"Sit down!" Binti alisema mara ya mwisho, akiwa ameishiwa pumzi.

Bibi akakaa kwa uzito wote, fimbo akailaza mapajani. Nami nikakaa. Safari hii baba hakukaa.

"Mayu," alimwambia mama yake, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Mtoto amekwambia nini kule mwanzo?"

"Amenituma nisimame."

"Ukasimama."

"Mke mwenzangu kanituma, nifanyeje?"

"Na sasa hivi amesema nini?"

Binti alikuwa amegutuka. Aliisikia sauti ya baba yake, na kichwa kikaanza kuinama. Bibi alimtazama mjukuu wake, kisha mwanawe.

"Sasa hivi amesema nikae hapa hapa, nisiinuke, na mtu asimpeleke popote, mpaka amalize darasa la saba."

Ukimwacha bibi na amri zake chache, ndani ya ua ule wawili tu tulijua Kiingereza, mimi na Binti. Akageuza uso akanitazama, macho kwa macho, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Baba naye akanigeukia.

"Mwalimu. Yote hayo ni hayo maneno mawili?"

"Kiingereza ni lugha ya mkato, baba," nilisema.

Akafikiri. Mpaka leo sijui kama alituamini, na nimejiuliza mara nyingi. Mtu aliyefuga ng'ombe maisha yake yote hadanganyiki kirahisi. Alimwangalia mama yake aliyekaa na fimbo mapajani, akaguna kidogo.

"Mayu akishakaa," alisema, "mimi ni nani wa kumwinua?"

Nilitaka kushukuru. Lakini baba alikuwa bado amesimama, kofia mkononi, na akawa anamtazama binti yake pale alipopiga goti.

"Na mimi je?" akamuuliza. "Wote mmekaa. Nibaki nimesimama kama mgeni asiyekaribishwa? Niambie na mimi."

Binti akageuka kwa magoti mpaka akamkabili. Bibi hakumfanyia uso wowote. Kisha Binti akaunganisha viganja, akavigonganisha taratibu kama wanavyofanya wanapomwamkia mkubwa, macho yake ardhini.

"Sit down, baba," akasema.

"Marahaba," akajibu baba yake, akakaa.